Daktari wa Kiharusi Aliponipa Saa Yake

“Mara alfajiri, mara saa tatu, mara jogoo hajawika! Mama, daktari angeshika lipi?” Binti yangu ananifokea kando ya kitanda cha baba yake. Kweli, hadithi bila chumvi mimi siiwezi. Lakini yule bingwa wa kiharusi hacheki ovyo. Vidole vyake ni baridi, hivyo huvipasha joto kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa, kama kuku anayeatamia. Siku tulipomleta mzee hospitalini, alichuchumaa mbele yangu, akavua saa yake, akaniwekea kiganjani. “Bibi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mwisho wake ni saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Zikipita, inaweza kumuua. Alianza saa ngapi?” Nikaona aibu kusema kwamba mdomo wa mzee ulipopinda, saa tatu hiyohiyo, nilidhani ananiigiza, nikacheka na kuendelea kusimulia. Nikabadili jibu tena. Daktari akaichukua saa yake, akaivaa polepole. Dawa hakuitoa.

“Ungesema ukweli, Mama, baba angekuwa anaongea!”

“Najua, mwanangu, ila…”

Daktari akaingia, akamwinamia mzee. “Mzee wangu, hebu mwite mkeo.”

Mdomo wa mzee ukatikisika, jina langu halikutoka.