Mkono wa Kaka

Mimi na rafiki yangu tumezeeka tukibishana juu ya jambo moja: nani mrushaji bora wa mpira wa kriketi aliyepata kutokea. Yeye ni Muhindi wa Unguja. Nyumba zetu zilitazamana tulipokuwa watoto, na huku London tukaja kupatana tena Rayners Lane, kwenye mkahawa ulio karibu na stesheni, unaopika chai ya iliki ya kueleweka. Tulikutana hapo kila Jumamosi asubuhi.

Yeye huwatetea warushaji wa siku hizi. Kasi yao inapimwa kwa mashine, anasema, na video zao zinarudiwa polepole, kwa hiyo hakuna wa kutia chumvi. Mimi huwatetea wa zamani, waliorusha kutwa nzima juani, kwenye viwanja vya vumbi, na kesho yake wakarudi kurusha tena. Hoja zikiniishia, humtaja kaka yangu.

Kaka alikuwa mrushaji wa timu ya mtaa wetu. Homa ilimchukua angali kijana, kabla sijaondoka nyumbani. Nikimtaja tu, rafiki yangu huinua mikono.

"Usinitajie huyo, bwana! Nilisimama mbele yake nipige, mpira sikuuona. Niliusikia tu."

Mkahawa mzima ulikuwa ukicheka, nami nikirudi nyumbani nimejaa fahari.

Nilipofika nchi hii, nilijiunga na timu ndogo ya mtaani. Nilirusha vile vile kaka alivyonifundisha. Refa akanyoosha mkono: mpira haramu. Nikarusha mwingine, haramu tena. Alisema kiwiko changu kinapinda kisha kinanyooka mpira unapotoka, na huko ni kutupa kama mtu anavyotupa jiwe. Sheria ya kriketi inakataza. Rafiki yangu alikuwa pembeni, anatazama. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Wanakuonea tu. Hawataki mtu mweusi awashinde." Nikamwamini. Sikucheza tena, na yule refa nilimchukia miaka na miaka, hata baada ya sura yake kunitoka akilini.

Msimu wa joto uliopita, vijana wa jumuiya yetu walitualika ukumbini kwao, Ilford, tubishane mbele ya watu. Binti yangu alinipeleka kwa gari. Mambo yalikwenda vizuri. Tulilinganisha wa zamani na wa sasa, watu wakacheka, wengine wakapiga kelele kutoka nyuma. Mwishoni nikamtaja kaka, nikageuka nimsikilize rafiki yangu aseme maneno yake.

Akashika kipaza sauti, anatabasamu. "Leo tuseme kweli. Kaka yake alikuwa anatupa. Mkono umepinda hivi." Akauonyesha. "Sote tulijua, na marefa walijua. Tulinyamaza kwa sababu alikuwa wetu, na alikuwa anatushindia mechi."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na yeye mwenyewe alijua?" nikauliza.

"Alijua. Aliniambia kwa mdomo wake."

Sikumbuki nilivyoshuka jukwaani. Nilimngoja nje, kwenye maegesho.

"Siku ile refa aliponikataza," nikamwambia, "ulijua kwamba ana haki."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni, huna mtu, na kaka yako kaburini. Nikuambie nini?"

"Na leo umeona vyema kuniambia mbele ya watu?"

Akatazama chini. "Watu walikuwa wanacheka. Maneno yakanitoka tu, ndugu yangu."

"Ungeniambia siku ile ningejifunza upya. Ningenyoosha mkono, nikaendelea kucheza."

Nikamwacha hapo maegeshoni. Ndani ya gari binti yangu alisema, "Baba, it's only cricket. Mchezo tu." Nikatazama dirishani mpaka tukafika.

Kaka nimejaribu kumsamehe. Alikuwa kijana, alitaka kushinda. Lakini alisimama nyuma yangu uani kwetu, akanishika kiwiko, akanifundisha kosa ambalo alijua ni kosa. Hilo halijanitoka. Na huyu wa pili alikunywa chai nami miaka yote, akanisikiliza nikimsifu maiti, akanichochea nizidi. Siku hizi nikiweka video za warushaji wakubwa, wa zamani au wa sasa, nazipunguza kasi na kutazama viwiko tu. Hakuna ninayemfurahia.

Jumamosi siendi tena Rayners Lane. Amepiga simu mara nyingi; nimepokea chache. Sikukuu ya Idi alikuja na halua, kakoga na kavaa koti lake zuri. Tuliamkiana, akaniulizia magoti yangu, nikamwulizia presha yake. Nikapokea halua, nikamshukuru. Alibaki amesimama mlangoni, akingoja nimwambie karibu ndani.

Sikumwambia.