Nilikwenda Yiti kuombea mtaa wetu kiwanja, nikaulizwa habari ya uzio wangu

Wakuu, salaam aleikum. Na wasiokuwa Waislamu, habari zenu.

Mie ni bibi, nna wajukuu, nnakaa Mawaleh hapa Maskati. Skuli niliishia darasa la nne, Unguja, kwa hiyo anayeingia humu kunisahihisha herufi apite njia.

Haya yote yamenikuta mwenyewe na mengine yananitia aibu. Mtu hadanganyi ili aonekane mjinga, kwa hiyo niaminini.

Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanja kitupu. Changarawe na mkunazi mmoja, basi.

Bwana wangu macho yamekwisha, anaona vivuli tu. Kila siku baada ya alasiri hutembea peke yake kwenye kiwanja kile, anakijua kwa miguu. Kwengine kote lazima ashikwe mkono, na kushikwa mkono hataki. Akikosa pale, atakaa kitini mpaka afe.

Tukasikia kuna mjenzi anakitaka, apandishe mafleti.

Mtaa tukakubaliana kwenye grupu la WhatsApp. Kila nyumba itoe mchango kila mwezi, tukinunue kibaki wazi, na kitakachobaki tutie lami ile njia yetu ya mashimo. Manispaa wakatupa ruhusa.

Wakanichagua mie kukusanya. Vijana wakauita "kodi ya bibi".

Walinichagua kwa sababu sina haya. Waliotoka kwenye grupu niliwafuata milangoni. Bwana mmoja alikuwa kaweka boti lake njiani, nikampelekea voice note mbele ya watu wote: "Ondoa boti, njia si ya baba yako." Akaondoa siku ile ile.

Sharti nikatunga mwenyewe: kwenye kiwanja hakuna kupanda, kujenga wala kuweka cha mtu binafsi. Admin akaliandika.

Sasa mwenye kiwanja. Bi Zuwena, mtu mzima kama mie, kalelewa Pemba, anakaa Yiti, nje ya mji. Nikenda na jirani yangu Salma, maana yeye ana gari.

Kwa wasiojua: huku ukienda kwa mtu na haja kubwa, ukitiliwa kahawa unaweka finjani chini. Huinywi mpaka mwenyeji akukubalie. Ni aibu kwake kahawa ipoe mbele ya mgeni. Lakini ukinywa kabla hajakubali, ndio umeiachilia haja yako.

Njia nzima nikamsomesha Salma. "Usiguse finjani."

"Shoga, nimesikia. Mie si mtoto."

Tukapokewa vizuri. Halwa ikaja, kahawa ikatiliwa. Nikaiweka chini. "Bi Zuwena, kahawa yako njema, lakini siinywi mpaka unipe haja yangu. Kiwanja tuuzie sisi, usimuuzie yule mjenzi."

Akanitazama. Akajitilia yake, akaiweka chini karibu na yangu.

"Na mie yangu siinywi mpaka unipe yangu."

Wakuu, hapo nilijua nimekutana na mwenzangu.

"Nilikuja kukitazama kiwanja changu," akasema. "Gari ya mwanangu ikakwaruzwa ubavu mzima. Unajua na nini? Na uzio wa bati wa bibi mmoja kapanda muhogo njiani."

Bibi huyo ni mie.

Ngojeni niseme ukweli. Nje ya ukuta wangu, upande wa njiani, nilizungushia bati kipande kidogo. Nilipanda muhogo kwa ajili ya majani. Bwana wangu Ijumaa bila kisamvu cha nazi haijawa Ijumaa. Na huku watu wengi wanapanda nje ya kuta zao, kwa hiyo mie nilikiona changu.

"Njia pana pale," nikamwambia.

"Pana kwa nani? Kwa punda?"

"Ile ni bustani."

"Bustani ya nani, kwenye njia ya nani? Ng'oa uzio, lami ipite, kiwanja chenu."

Tukakaa. Finjani mbili chini, hazitoi hata moshi. Halwa inatutazama. Muhogo ule nilitafutiwa vijiti kwa tabu, nikaulea kwenye jua la huku kama mtoto mchanga.

Mara nikasikia "fyuu".

Salma anakunywa. Kisha kanyoosha mkono aongezwe!

"Salma!"

"Shoga, koo limekauka. Na halwa yote hii itizamwe tu?"

Bi Zuwena akapiga makofi. "Mwenzio kanywa! Haja yenu imekufa, imebaki yangu."

Ningeweza kubisha, kubisha nakujua. Lakini akilini nikamuona mzee wangu yuko kitini, kaelekea ukutani.

Nikanyanyua finjani. Baridi, chungu. Nikaimaliza.

"Uzio ntaung'oa."

Na yeye akanywa yake. "Kiwanja chenu. Yule mjenzi ntamwambia mwenyewe."

Ilipofika siku ya kung'oa mtaa mzima ulitoka nje, wengine na viti. Bwana wa boti kaleta sururu, tena mpya. Akanambia kwa adabu kabisa, "Bibi, pole, lakini njia si ya baba yako."

Salma akasema tuhamishie muhogo kiwanjani, hapana atakayethubutu kusema. Nikamwambia nitasema mie. Sharti ni sharti.

Lami imepita. Kiwanja kiko wazi.

Funzo langu: kabla hujampelekea mtu voice note, toka nje uutazame ukuta wako kwa upande wa njiani.

Na msinambie kisamvu cha barafu kinauzwa Ruwi. Nimekinunua, nimekipika, nimekitupa.

Ijumaa iliyopita mzee karudi kutembea, kachangamka, miguu ina vumbi. Kakaa kula, kapapasa sahani, kauliza: "Kisamvu kiko wapi?"

Habari ya uzio sijamwambia, na mpaka sasa sijamjibu. Nyie mngemwambia nini? Andikeni hapo chini, na muandike kwa adabu.