Pikipiki ya Kusukuma

Kitu kipya kilichotengenezwa ili kionekane cha zamani kinamdanganya nani? Nilimuuliza baba swali hilo uani kwetu Garsen, mwaka uliofuata ile mvua ya Elnino, nikiwa nimeshika daftari na kalamu. Yeye aliendelea kuikagua pikipiki. Mimi mwenyewe jibu sikuwa nalo, lakini siku zile niliona kuuliza kunatosha.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache kabla. Cheti changu kilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku la mama chini ya leso zake nzuri, na kazi hakuna. Nilikaa nyumbani nikihoji kila kilichopita mbele yangu. Kwa nini wanaume wanakula kwanza? Kwa nini redio inazimwa mgeni akipiga hodi? Baba alisema chuo kimenifundisha nusu ya kazi, yaani kuuliza. Nusu ya pili labda watanitumia kwa posta.

Yeye alikuwa amestaafu karibuni. Sisi ni Wapokomo, watu wa mto. Ndugu zake wote walilima ndizi na mpunga kandokando ya maji; yeye peke yake aliajiriwa na serikali awafuate ng'ombe wa Waorma mbugani, akiwachanja na kuwatibu. Waorma walimwita daktari. Karatasi zake zilisema msaidizi, na hilo alilisahihisha mwaka wa kwanza tu, kisha akachoka. Siku ya kustaafu alipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani, na pikipiki ya serikali ikabaki ofisini.

Wafugaji hawakuelewa jambo hilo. Kwao, mtu na pikipiki yake walikuwa kitu kimoja. Waliendelea kumtumia salamu: ndama wanakohoa, mtamba amelala haamki, daktari yuko wapi? Alijaribu kwenda kwa baiskeli. Mafuriko yalikuwa yameacha matope meusi yanayoshika gurudumu kama gundi, na mara ya tatu alirudi baiskeli ikiwa begani. Baada ya hapo alikaa barazani miezi miwili akifungua redio ambayo haikuwa imeharibika na kuifunga tena. Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Wote wawili tulijua kwamba bila pikipiki kazi ile imekwisha, na kazi ile ikiisha, hatukujua tutabaki na mtu gani nyumbani.

Ndipo akaagiza pikipiki. Muuzaji mmoja wa Malindi alikuja na lori dogo limebeba pikipiki mbili, zote zimetumika kidogo Japani.

"Chagua moja, mzee," alisema. "Nina siku tatu hapa kwa shemeji yangu. Utakayoikataa naenda nayo Hola."

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, imevaa mabamba ya plastiki kifuani kama ndege wa vita. Usukani ulikuwa chini, kiti kimepanda nyuma, ekzosi imeinuliwa. Hata ikiwa imesimama ilionekana imechelewa mahali. Ya pili ilikuwa ya kijani iliyokolea, taa ya duara, tangi lenye umbo la tone la maji, kiti kirefu kilicholala sawasawa na keria ya chuma nyuma. Ukiiona ungesema ni ya enzi za babu. Lakini muuzaji alitwambia ni mdogo wa ile nyekundu kwa mwaka mmoja. Kule Japani kuna watu wanapenda ya zamani, basi kiwanda kinawatengenezea mpya zenye sura hiyo.

Hapo ndipo niliuliza swali langu. Muuzaji alicheka. "Dada msomi, haimdanganyi mtu. Inampendeza mteja."

"Mteja anayependezwa na uongo," nilisema.

Baba alikuwa ameinama karibu na kiti cha ile ya kijani. Alitoa mfukoni kipande cha ukindu, ule mama aliosuka mikeka nao, kikiwa na fundo karibu na ncha moja. Alikishusha kutoka ukingo wa kiti hadi ardhini, akatazama fundo. Akaenda kwa nyekundu akafanya vilevile. Nilidhani anapima kina cha maji, kwa sababu vidimbwi vya njia ya kwenda malishoni vilikuwa bado vinafika magotini. Nikachora jedwali daftarini. Nguvu ya injini: nyekundu. Breki: nyekundu. Matairi: nyekundu. Urefu wa kiti kutoka ardhini: nyekundu, tena kwa mbali. Keria: kijani. Nilipojumlisha na mengine madogo, nyekundu ilikuwa imeshinda sita kwa mbili, nikamsomea.

"Sawa," alisema, akakikunja kile kipande cha ukindu na kukirudisha mfukoni. "Kesho tutawauliza ng'ombe."

Asubuhi tuliondoka mapema, baba na mimi juu ya ile ya kijani, muuzaji mbele yetu juu ya nyekundu. Tulikwenda kwa Muorma mmoja mzee, mteja wa baba tangu ujana wao wote wawili, aliyekuwa amehamishia kambi yake sehemu iliyoinuka. Baba aliendesha polepole mno. Muuzaji alikuwa akitusubiri kila baada ya kichaka, anatia moto ile injini mpaka inalia kama msumeno. Nilimwambia baba kwamba hata punda wametupita. Alisema punda wanajua wanakokwenda.

Kuna desturi ya kazi ile ambayo baba alinifundisha nikiwa mdogo na mimi nikaisahau chuoni. Ukifika mahali unapoanza kunusa samadi, unazima injini na kushuka. Unaisukuma pikipiki hadi kwenye boma. Ng'ombe aliyeshtuka hasimami kwa sindano, na akishtuka mmoja wameshtuka wote. Baba alizima, tukashuka. Lakini muuzaji hakuwa na habari hizo. Alitaka tuone nguvu ya chombo chake. Alivuta mafuta, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni mwa boma.

Ndama walitoka kupitia ukuta wa miiba kana kwamba ulikuwa wa nyasi. Tulitumia asubuhi nzima kuwakusanya, mimi nikiwa na gauni limenaswa miiba, muuzaji na viatu vyake vya mjini mkononi. Yule mzee alisimama akituangalia akiegemea fimbo, mguu mmoja juu ya goti la mwingine. Tulipomaliza aliizunguka pikipiki nyekundu kama anavyozunguka dume sokoni. Aliinama akatazama chini ya tumbo lake.

"Kifua kubwa, nyuma hakuna," alisema. "Dume kama hii mimi nachinja mapema."

"Mzee, hii ni mashine ya kisasa," muuzaji alisema, akihema.

"Nasikia. Ndama zangu pia nasikia." Akamgeukia baba. "Daktari, hii mtoto nasoma miaka ngapi?"

"Minne, baada ya ile mingine. Na amechagua hii nyekundu."

"Nachagua hii?"

"Kwa daftari," baba alisema.

Mzee akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba nina homa. Kisha akaagiza tuletewe maziwa.

Tulipokuwa tukirudi kwenye njia, baba alisema mgongo unamuuma, akaniambia niisukume ile ya kijani. Niliisukuma. Ilikuwa nzito, lakini ilikwenda kwa adabu. Halafu akasema nisukume nyekundu. Usukani wake ulikuwa chini hivi kwamba nilitembea nimeinama kama ninayepalilia mpunga, na kwenye utelezi wa kwanza ilinilalia. Baba na muuzaji waliiinua. Nilisema kosa ni la matope. Baba alikubali kwamba matope yalikuwa na kosa lake.

Jioni ile alichagua ya kijani.

"Kwa sababu inasukumika," alisema.

"Baba, tunanunua pikipiki ya kusukuma au ya kupanda?"

"Zote mbili."

"Umeichagua kwa sababu inafanana na ile ya serikali," nilimwambia. "Unataka ujana wako urudi. Sema tu, hakuna atakayekucheka."

Mama, aliyekuwa akisuka mkeka pembeni, aliinua macho. Baba alimtazama kidogo, kisha akaniambia mimi, kwa upole, "Haya. Andika hivyo daftarini."

Niliandika. Nilijivunia sana kumkamata. Nikampa pikipiki yake jina la Mwongo, na nyumba nzima ikalichukua, mama alikuwa akisema, "Mwongo amerudi, weka maji ya kuoga baba yako."

Na baba alirudi kuwa mtu tuliyemjua. Redio ilibaki imefungwa. Alitoka na kisanduku cha barafu cha chanjo kimefungwa kwenye keria, akarudi na vumbi masikioni na habari za kila mtamba wa upande ule. Lakini ule mgongo wake haukupona. Baada ya wiki chache alisema nimpeleke mimi. Nilimwambia sijui kuendesha. Alisema jambo hilo alikuwa amelifikiria.

Alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, akikimbia kando yangu ameshika keria kama anayemfundisha mtoto baiskeli. Nilianguka mara moja tu, pikipiki ikiwa haitembei. Mama alikuwa tayari amenishonea suruali pana ya kuvaa chini ya gauni; alikuwa amenipima wiki nyingi kabla, kwa ukindu aliokuwa akisuka, kutoka paja la ndani hadi kisiginoni, akisema upepo wa Garsen hauna heshima. Sasa suruali ilipata kazi. Nilifikiri, kwa namna yangu ya siku zile, kwamba nimeshinda. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewahubiria watu kwamba mwanamke anaweza kuendesha chochote chenye magurudumu, na hatimaye hoja zangu zilikuwa zimemwingia baba.

Mji ulikuwa na maneno yake. Kwenye kinu cha kusaga mama mmoja alisema, kwa sauti ya kutosha sisi tusikie, "Mzee kabebwa na bintiye kama gunia la mpunga."

Baba alimjibu akiwa bado amekaa nyuma yangu. "Gunia hili limelipia mafuta, mama. Hilo lako umelibeba kichwani."

Wote kwenye foleni walicheka, na yule mama zaidi ya wote. Baada ya hapo walizoea. Kambini walizoea haraka zaidi. Yule mzee Muorma aliniambia kwamba yeye tangu siku ya ndama alijua mimi si wa daftari.

Siku moja tulikuwa upande wa Tarasaa, kwa watu wenye ng'ombe wachache. Baba alivuta dawa ndani ya sindano, akainua juu kwenye jua, kisha akaniletea.

"Soma mstari."

"Wewe huoni?"

"Naona. Nataka kujua kama wewe unaona."

Nilisoma. Alichanja. Tulipofika kwa ng'ombe wa tano nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua. Njiani nikasimamisha pikipiki. Aliniambia ni presha ya macho. Pembeni kunaziba polepole, kama mtu anayefunga dirisha bawa moja baada ya jingine, na haifunguki tena. Dawa za matone zinachelewesha tu.

"Tangu lini?"

"Ah. Mambo ya juzijuzi haya."

Nilimwamini. Nakumbuka nilishukuru bahati yetu: katika pikipiki mbili zilizoletwa Garsen, tamaa yake ya mambo ya kale ilikuwa imetupa ile ambayo miguu yangu yote miwili inakanyaga chini nikisimama. Kwenye nyekundu ningekuwa ninaning'inia, na tungeanguka kila kambi. Mimi niliyehoji hata redio sikuihoji bahati hiyo hata siku moja. Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa, yeye akipapasa mbavu za ng'ombe na kusema ugonjwa, mimi nikisoma mistari ya sindano, mpaka nilipojua magonjwa kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi niliyokuwa nikiisubiri kwa posta haikuja, na siku moja niligundua kwamba nimeacha kuisubiri. Mwongo alizeeka kweli, akapata kutu mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimemchorea uzee.

Baba ameshazikwa. Mwaka jana mama alikuwa anampima binti yangu kanzu ya madrasa. Futi ya kupimia ipo ndani ya nyumba, lakini alichukua ukindu kutoka mkeka wake, akaushusha begani mwa mtoto, akafunga fundo.

"Hivyo ndivyo ulivyonipimia ile suruali," nilisema.

Mama aliendelea kulikaza fundo. "Suruali niliitafutia kitambaa baadaye, ili nisiwe nimekudanganya," alisema. "Siku ile niliyokupima, baba yako alikuwa amerudi kutoka Malindi kwa daktari wa macho. Lile lori lilikuwa bado halijaja. Alikaa pale mlangoni, akaniambia, pima mguu wa huyo msichana, unifungie fundo."