Shela ya Ndola

Katika miaka ile Katanga ilipojiita nchi, nilikuwa mgeni mwenye duka sebuleni. Mume wangu, fundi cherehani, alinitoa Tanga tukiwa maharusi, akanileta Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi. Tulipanga nyumba mtaa wa Katuba. Yeye alishona barazani. Mimi nilipanda treni kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, nikanunua vitambaa, vioo na manukato, nikarudi kuviuza kwa faida. Majirani waliniita Mama Tanganyika.

Nikiikumbuka safari ile huiona kama kitu nilichokiota. Treni ilikwenda polepole katikati ya msitu mkavu na vichuguu vikubwa kama nyumba. Harufu ya moshi wa makaa iliingia dirishani, ikalala kwenye nguo. Nilikuwa nasinzia, nikiamka sijui kama tumeshavuka au bado, mpaka nione Sakania na bendera mpya ikipepea, bendera ile yenye misalaba ya shaba.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kasai, jimbo la jirani, mke wa karani wa reli, Mkristo wa kwaya. Huyo ndiye aliyenifundisha kuuza. Hakuwa na haraka. Alikuwa akiketi mkekani kwangu, anashika kitambaa, anakiweka, anazungumza habari nyingine, anakishika tena. Tulipatana bei asubuhi nzima kama watu wanaoimba kwa kupokezana.

Siku moja alikuja na binti yake mkubwa, akasema, "Mama Tanganyika, mutoto anaolewa. Uniletee vwale ya Ndola. Ile murefu, ya kufika chini."

Vwale ndiyo shela ya bibi harusi. Nikamwambia nitaleta.

Niliipata kwa Mhindi mmoja wa Ndola: nyeupe, nyepesi, ukingoni ina maua madogo ya uzi. Pale Sakania ofisa wa forodha aliikunjua yote, akaiinua juu ya kichwa chake kuitazama. Upepo ukaingia ndani yake, ikajaa, na kwa kitambo kidogo sura ya yule mtu ilipotea nyuma ya weupe.

"Iko ya nani?" aliuliza.

"Ya harusi, baba."

Akaikunja taratibu kuliko alivyoikunjua. "Pita, mama."

Nilipofika Katuba nilikuta mlango wa jirani yangu uko wazi na ndani hamna mtu. Sufuria moja ilikuwa imelala uani. Mume wangu alisimamisha cherehani, akaniambia kwa sauti ndogo, "Wamekimbia. Watu wa Kasai walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba na askari wa Katanga, eti si wa nchi hii. Wako kambini, kule kwa askari wa kigeni wenye kofia za buluu."

Niliitundika shela ukutani ili isiingie mikunjo. Mijakaranda ilikuwa imechanua na mwanga wa zambarau uliingia mpaka sebuleni. Mke wa bwana mmoja wa ofisini akaiona, akaitaka, akataja bei ya juu kuliko niliyokuwa nimeiwazia. Nikamwambia ina mwenyewe.

"Mwenyewe eko wapi?" akauliza.

Niliishusha ukutani. Kesho yake nikaifunga ndani ya kanga, nikatoka kwa miguu.

Kambi ilianza ghafla, mahali mji ulipokwisha. Nilikuta vibanda vya magunia, mabati, milango ya kabati, mapazia ya madirisha, na moshi wa watu wengi mno wanaopika mahali pamoja. Nilimtafuta jirani yangu nikimtaja kwa kwaya yake, maana huko kila mwanamke alikuwa mke wa karani. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku, amekonda, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri kama zamani.

Nilipoifungua kanga alifunika mdomo kwa mkono. Nikamwambia, "Chukua, dada. Ni zawadi ya mwanetu."

Uso wake ukabadilika. "Hapana. Usinipe bure. Batu batasema mutoto yangu anaolewa na huruma. Sema bei."

Nikasema bei. Ilinitoka ndogo.

"Ile hapana bei," akasema kwa hasira. "Sema bei yako ya Katuba."

Nikaisema. Hapo akavuta pumzi, akaishika shela, akaiweka, akauliza habari za mume wangu, akaishika tena. "Mama Tanganyika, unataka kuniua? Hii iko na uzi umekatika."

"Uzi gani? Macho yako yameingia moshi!"

Wanawake wakatoka vibandani. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, mwingine na mwiko. Wakaanza kutusaidia, hawa upande wake, wale upande wangu, wakicheka na kupiga makofi. Kwa muda ule nilisahau tuko wapi. Nadhani wote tulisahau. Tulipofikia kukubaliana, alifungua fundo la kiunoni, akanilipa akinitazama usoni.

Binti aliolewa Jumapili ya wiki ile ile, kati ya vibanda, kwaya ikiimba bila ngoma. Nilisimama nyuma, mwanamke wa Kiislamu peke yangu, na vumbi jekundu lilipopanda, bibi harusi alionekana kama anayetembea juu ya wingu.

Baadaye walirudishwa Kasai kwa makundi, na mimi na jirani yangu hatukuonana tena. Lakini siku ile ya harusi nilirudi kwa njia ya mikalitusi, mvua ya kwanza ikinidondokea. Mume wangu alikuwa barazani akiingiza uzi kwenye sindano. Nilivua viatu, nikalala mkekani mchana kweupe, nikamsikia akiianza cherehani upya, mbali, mbali zaidi, mpaka sauti yake ikanipotea.