Gunia Kwenye Kiti cha Dereva

Shangazi yangu hakubali kupanga taa za gari ambalo dereva wake hayumo ndani. Mteja akileta gari na kutaka kwenda zake kunywa chai, humwambia, "Chai ikipoa utaagiza nyingine. Kaa humo." Basi mteja hukaa, mikono magotini kama mtu anayenyolewa, huku Shangazi amechuchumaa mbele ya gari na bisibisi yake, anatazama ukuta wa mwisho wa gereji alikochora mistari kwa mkaa. Anasema gari likiwa tupu hudanganya. Akikaa mtu, nyuma hushuka, pua huinuka, na mwanga nao hupanda. Kwa hiyo taa zipangwe kwa uzito wa yule atakayeendesha. Mchinja nyama wa mtaani kwetu, mtu wa tumbo lake, siku moja alikaa huku amebana pumzi. Shangazi akamwambia, "Pumua, kaka. Hapa sipimi suti."

Watu humwita Mama Waya. Umeme wa magari alijifunza kwa kushika, na vidole vyake vina alama ndogo nyeusi za kuungua ambazo sabuni haizitoi. Hapendi maneno mengi. Akiwa na waya mdomoni ndiyo hapendi kabisa. Mimi pia si msemaji, ndiyo maana tunakaa vizuri tangu nilipoacha shule na kuja kuishi kwake. Chumba ninacholala kina dirisha linalotazama gereji.

Mteja akiwa mgonjwa, au amesafiri, Shangazi hujaza gunia mchanga mpaka lifikie uzito wake kwenye mizani ya muuza mkaa, kisha hulikalisha kwenye kiti cha dereva. Kazi ikiisha, mchanga humwagwa. Gunia moja tu halijawahi kumwagwa. Lilijazwa kwa uzito wa mume wake, enzi alipokuwa mtu wa safari, leo yupo, kesho hayupo.

Mume wake walimwita Spidi. Alilinunua lile gari la michezo likiwa tayari limezeeka: milango miwili, viti viwili vilivyokaa chini karibu na matairi ya nyuma, pua ndefu, na taa zinazolala ndani ya boneti kisha zikainuka ukibonyeza swichi. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwomba alifumbue macho. Asubuhi moja akasema anakwenda kutafuta kioo cha taa ya kushoto, kilikuwa kimepata ufa. Alikwenda kwa miguu, akaliacha gari gereji. Hakurudi. Alitafutwa hospitali, alitafutwa vituo vya polisi, ndugu zake waliulizwa mpaka wakachoka kuulizwa. Wengine husema ana nyumba nyingine mahali. Wengine hushusha sauti na kusema neno jingine. Shangazi hana kaburi la kwenda kupalilia wala talaka ya kumwonyesha mtu. Ukimsikia akizungumza na wateja, husema "mume wangu anapenda," si "alipenda."

Binti yake, ninayemwita Dada, ni muuguzi. Zahanati yake iko nje ya mji, baada ya machimbo ya mawe, na saa anazoingia zamu hakuna gari la abiria linalofika huko. Shangazi akampa gari la baba yake, lakini kwa masharti. Kiti kisisogezwe. Spidi alikuwa mrefu, Dada ni mfupi na mwembamba kama ufagio, kwa hiyo akawa anaendesha na mto mgongoni, miguu imenyooka, kidevu juu. Kioo cha kutazamia nyuma nacho alikuwa akikirekebisha kila anapoondoka, na kila anaporudi gereji siku inayofuata anakikuta kimeinuliwa tena, kinamtazama mtu mrefu ambaye hayupo. Hakuuliza. Mimi nilijua anayekiinua, kwa sababu nina dirisha. Shangazi huingia kwenye gari upande wa abiria, hukirekebisha kwa kunyoosha mkono, kisha hukaa kidogo humo akitazama mbele. Mara moja nilimwona akicheka kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeambiwa kitu na aliye karibu naye. Nilifunga pazia.

Kisha ikatokea ile ya mkokoteni. Dada alirudi kutoka zamu, akazima gari, asishuke. Shangazi alimfuata mwenyewe.

"Vipi tena? Umelala humo?"

"Mama, nimekaribia kuua mtu."

"Wapi?"

"Kwenye machimbo. Anasukuma mkokoteni wa mawe, hana hata kitambaa cheupe. Nimemwona yuko kwenye boneti tayari. Nimekwepa, nimeingia mtaroni." Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Nilishuka nikamwomba radhi. Ananiambia, dada, umesahau kuwasha taa? Na taa zimewaka, Mama! Zile si taa. Ni macho ya paka mgonjwa."

Shangazi alilizunguka gari, akapangusa tope kwenye taa moja kwa kiganja. Vioo vilikuwa vya njano na vya ukungu, sahani za ndani za kurudisha mwanga zimebabuka, na ule ufa wa kushoto ulikuwa bado pale. Hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Nitaziondoa," alisema. Akaingia ndani, na siku hiyo hakula nasi.

Kesho yake alianza kazi. Alitoa taa za zamani nzimanzima, akaweka za kisasa zenye vioo safi. Lakini alisema taa mpya kwenye waya wa zamani ni sawa na kumvisha mgonjwa suti. Waya zile nyembamba zilikuwa zinautoa umeme kwenye betri, zinauzungusha mpaka kwenye swichi, unaporudi mbele umeshachoka. Akavuta waya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka relei mbili na fyuzi zake, ili swichi iwe ya kuamrisha tu, isibebe mzigo.

Jirani yetu mpiga rangi alikuja kuegemea mlangoni, kama kawaida yake.

"Mama Waya, unalibadilisha macho. Mwenyewe akirudi si atalipita?"

Alipomaliza kusema, yeye mwenyewe alishtuka. Shangazi hakuinua kichwa.

"Alioa mke au alioa taa?"

"Nilikuwa natania, mama."

"Na mimi natania. Nipe koleo hiyo."

Kazi ilipokwisha alivuta mlango wa bati mpaka chini, gereji ikawa giza japo nje jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimemletea maji. Alilibeba lile gunia kwa kulikumbatia, akalikalisha kwenye kiti, akalifunga mkanda. Kisha akawasha. Taa ziliinuka pamoja, na ukuta ukawa mweupe hivi kwamba niliona nyuzi za buibui ambazo sikujua kama zipo. Alizungusha skrubu mpaka ukingo wa mwanga ukalala sawasawa juu ya mstari wa mkaa. Akalipigapiga gunia begani. Naliita bega, sijui niliite nini. Lilikuwa limekaa kwa kuinama kidogo kulia, kama alivyokuwa akikaa Spidi kwenye picha ya sebuleni, na kwenye mwanga uliokuwa unarudi kutoka ukutani nilishindwa kulitazama kwa muda mrefu.

Dada aliendesha zamu moja. Aliporudi alimkuta mama yake anamenya viazi.

"Mama, mwanga ni mweupe, asante. Ila unaanguka miguuni pangu. Ni kama natembea nimeinamisha kichwa. Mbele ya pale ni giza kuliko zamani."

"Haiwezekani."

"Nakwambia nilichokiona."

"Nimezipanga mwenyewe. Njoo uone."

Mlango wa bati ukashushwa tena. Shangazi akalikalisha tena gunia, akalifunga mkanda, akawasha. Ukingo wa mwanga ulikuwa juu ya mstari, haukupungua hata unene wa kidole.

"Umeona? Ukuta hausemi uongo."

Dada hakuwa anautazama ukuta. Alikuwa anatazama kiti.

"Mama, gari hili anaendesha nani?"

Shangazi alikaza mkanda wa gunia.

"Sikuulizi kwa ubaya. Wewe ndiye humkalisha mtu wa watu saa nzima humo ndani, mpaka mchinja nyama na tumbo lake. Mimi hukuniita nikae hata mara moja."

"Ulikuwa kazini."

"Ungenijazia gunia langu."

Shangazi alikaa juu ya tairi kuukuu. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa mahali pa kuweka mikono.

"Nikilitoa," alisema, "litakuwa gari la nani?"

"Yule wa mkokoteni yuko barabarani kila siku, Mama. Nimeshamjua, tunasalimiana. Nikimgonga nitamwambia nini mkewe? Kwamba nilikuwa sioni mbali kwa sababu taa zilipangwa kwa baba?"

Shangazi akanyanyuka, akafungua mlango wa dereva, akafungua mkanda. Hakulivuta. Aliinama karibu kabisa, na sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia kwake.

"Haya, shuka. Mtoto akae."

Walilitoa wawili, mama na binti, wakahema. Lilipoachia kiti, springi za nyuma zilitoa mlio mrefu, gari likainuka matakoni. Pale ukutani, bila mtu kugusa kitu, ukingo wa mwanga ukateremka polepole, ukauacha mstari wa mkaa, ukasimama chini yake karibu kiganja kizima. Shangazi aliusindikiza kwa macho mpaka ulipotulia.

"Alikuwa mzito," alisema.

Lilikuwa neno "alikuwa." Dada alilisikia pia, maana alimshika mama yake kiwiko.

"Ingia basi. Na usogeze kiti, unaendesha umekaa kama mgeni."

Reli za kiti zilikuwa zimeota kutu. Kiligoma, kikalia, kikaenda mbele kwa kishindo. Shangazi akachuchumaa mbele ya gari, akaupandisha mwanga mpaka kwenye mstari, akitumia uzito wa binti yake mwembamba, ambaye alikuwa analia bila sauti na kuambiwa asitikisike.

Jioni hiyohiyo Dada alikuwa na zamu. Tulisimama getini, mimi na Shangazi, wakati gari likishuka mtaa. Mwanga ulikwenda mbali, ukapita kwa muuza mkaa, ukafika kwenye kona ambayo saa zile huwa hatuioni kabisa. Na kwenye kona palikuwa na mtu. Mwanamume mrefu, ana mfuko mkononi, anakuja upande wetu. Taa zilipompata aliinua mkono, akauficha uso.

Shangazi alitoka getini. Alipiga hatua mbili tatu, kanga imemteleza begani, hakuiokota. Dada akashusha mwanga, gari likampita yule mtu, kona ikarudi gizani. Ikabaki sauti ya nyayo tu, inakaribia, ya mtu asiye na haraka.

Alipofika kwenye balbu ya duka tukamwona. Alikuwa kijana, nimemzidi kidogo tu umri, na mfuko wake ulikuwa wa mikate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Shangazi alisema. Kijana alipokwisha kupita, aliendelea kuitazama barabara alikotokea.

Nilimwokotea kanga. Alijifunga, akaniambia niingie ndani, mbu wengi. Nikaingia. Geti sikulisikia likifungwa.