Madigadi ya Upande Wangu

Mume wangu alipostaafu ualimu, wenzake walikuwa wananunua ng'ombe. Yeye akanunua gari la michezo, la milango miwili, jekundu, la zamani kuliko ndoa yetu. Kathonzweni nzima ilimcheka na mimi nikacheka nao, lakini nilipenda kumwona akilipangusa asubuhi kwa fulana yake kuukuu.

Shida ilikuwa magurudumu. Tairi nyembamba za asili hazipatikani tena, kwa hiyo alifunga pana. Akiendesha peke yake, safari ilikuwa safi. Nikikaa mimi kushoto, nyuma kunashuka, tairi inakwaruza madigadi, krrr, krrr, mpaka kanisani. Nilikuwa mwanamke wa kushiba, sikatai, ila mlio ule ulikuwa umbea mtupu. Waumini walijua tumefika kabla hawajatuona.

Fundi wa bodi kule Makindu alisema dawa ni moja: akate ukingo wa madigadi, ayatanue yatokeze nje, tairi ipate nafasi. Mume wangu aling'aka utadhani ameambiwa akatwe sikio.

"Hii gari ilitoka kiwandani hivi. Hakuna mtu ataikata."

"Basi mama atapanda boda boda," fundi akasema.

Nikapanda boda boda, na hasira zangu nimezipakata. Jioni nilikuwa namwuliza kama mke wake mdogo, yule mwekundu wa milango miwili, amekwisha kuoga.

Kisha nikaugua. Tumbo lilikataa chakula, nikafanyiwa operesheni, nguo zikabaki kuning'inia. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki Wote na kunirudisha, kwa gari lile lile. Tulipita kila tuta kimya. Tairi haikugusa kitu. Mwanzoni nilifurahi. Halafu siku moja nikamwangalia, nikaona ametega sikio na machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Daktari alikuwa amesema nitapona nikila, lakini kila sahani niliiona kama adhabu, na nilikuwa nimechoka kujilazimisha.

Tukitoka kliniki mara iliyofuata, alipita kwetu bila kusimama, akanyoosha moja kwa moja hadi Makindu, kwa fundi yule.

"Kata," akamwambia.

Fundi akainama, akachungulia tairi mimi nikiwa bado nimekaa ndani. "Mzee, si unaona haigusi? Unakata ya nini sasa?"

Mume wangu alinishika mkono akanishusha, akanikalisha kwenye benchi kivulini, akaingia duka la nafaka la jirani. Alirudi akisukuma toroli lenye gunia zima la mbaazi. Wakalipakia kwenye kiti changu, wakalifunga mkanda, na yeye akaketi kwenye usukani. Gari likashuka nyuma kama zamani.

"Huyu ndiye mama," akasema. "Pima na huyu. Akipona nataka akae hapa bila kelele."

Nilimpenda mzee yule kwa namna ambayo sijui kuieleza, na nikalia mbele ya watu bila kujali. Fundi alikuwa ameshatoa chaki, anachora ukingo wa kukata. Nikajikongoja hadi kwenye gari, nikalitazama lile gunia vizuri.

"Fundi, ngoja kwanza," nikasema. "Ongeza debe moja. Huyu mzee ananipunguza."