Nilivyosawazisha vilima vya dada yangu kwenye grafu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Hili siliongezi chumvi, maana dada yangu naye ni memba humu, anasoma kimyakimya. Nikidanganya ataniumbua.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, mitumba imejaa na kila mtu Dodoma kafungua kioski. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, na kazi yangu ilikuwa kukaa nyumbani, Makole. Niliifanya kwa bidii. Nikienda Zuzu kwa shangazi, naona nimesafiri.

Dada Mwaja alikuwa Ulaya anasomea fizikia. Alirudi wiki tatu kumuuguza mama, akaja na furushi la karatasi za printa, zile ndefu zenye matundu pembeni. Tarakimu tupu.

Akanieleza. Kuna metali wanaziita za ardhi adimu. Yeye alikuwa na kipande cha mchanganyiko wenye erbium, mojawapo ya metali hizo, kidogo kama punje ya mahindi. Hakinasi hata pini. Swali lake: kikipozwa sana, je, atomi zake zinajipanga kisumaku, moja inaelekea juu, jirani yake chini, nguvu zikamezana ndani kwa ndani?

Kwa macho huoni. Kwa hiyo wanakipiga kwa nyutroni kutoka kwenye kinu cha nyuklia. Kila nyutroni ni kisumaku kidogo, basi wanahesabu ngapi zimeruka kuelekea pembe ipi. Zamu ya kinu aliisubiri karibu mwaka. Akapewa siku nne.

Kompyuta hatukuwa nayo. Akanipa graph paper, penseli na rula.

"Wewe si huna pa kwenda? Nichoree hizi, nami nikae na mama."

"Mshahara?"

"Unakula bure tangu umalize shule."

Nikachukua penseli.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwenye vipimo vya baridi kulikuwa na nukta zimepanda juu, mahali ambapo vipimo vya joto vilikuwa tambarare. Zikaniudhi. Shuleni tulizoea kupika practical: nukta ikikaa vibaya unaisogeza kwenye mstari, mwalimu anaweka vema, maisha yanaendelea.

Nikazisogeza. Kwa roho safi kabisa, nikijua namsaidia.

Mchana mmoja Mwaja akazipitia zote mezani. Kisha akaanza kumwandikia profesa wake kwamba hakuna kitu, bora waachane na mchanganyiko ule. Miaka miwili ya kazi. Aliandika bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, ulichokuwa unakitafuta kingeonekanaje?"

"Kilima kidogo. Kwenye baridi tu, pale ambapo kwenye joto hakuna kitu."

Wakuu, ndizo zile nukta zilizoniudhi.

Ningeweza kunyamaza. Barua ingeenda, na hakuna ambaye angejua kamwe. Nakiri niliwaza hivyo, tena si kwa sekunde moja.

"Nilivisawazisha," nikasema.

"Nini?"

"Vilima. Vilikaa vibaya."

Akaweka kalamu chini. "Vingapi?"

"Sikuhesabu."

Akaita kuelekea chumbani, "Mama, huyu mwanao tungemwozesha mapema akatutoke."

Mama akajibu kitandani, "Nani angemchukua?"

Tulirudia zote kwa siku tatu. Yeye anasoma tarakimu, mimi naweka nukta, marufuku kutoa maoni. Vilima vingi vilikuwa kelele za mashine tu: karatasi hii vipo, inayofuata havipo. Kimoja kilirudi kila mara kwenye baridi, pembe ileile, na baridi ilivyozidi ndivyo kilivyokua.

Nilidhani atashangilia. Alikigusa tu kwa kidole, akasema itabidi aombe zamu nyingine ahakikishe. Ile barua akaichana.

Zamu aliipata, baada ya kusubiri tena. Akatuandikia kwamba kilima kipo, na sasa analala usingizi.

Nilichojifunza: sikuwa na nia mbaya hata chembe, na ndiyo maana ilikuwa hatari. Mtu mwenye nia mbaya angeona aibu mapema. Mimi nilipenda mstari ulionyooka kuliko nilivyotaka kujua kilichomo, na nilikuwa karibu kumzika dada yangu kwa usafi wa kazi yangu.

Wangapi humu mmewahi kumsaidia mtu mkakaribia kumharibia? Na je, mlisema, au mliacha barua iende?